Dawa Iliyoiva

Mimi ni dobi. Si dobi wa pasi ya mkaa na kamba mbili uani. Ni dobi wa hospitali, mkuu wa chumba cha kufulia, mwenye mashine sita, wafanyakazi wanane, na miguu miwili ambayo ikifika saa tisa alasiri hainitambui tena. Kwa miaka kumi na tisa nimefua damu ya watu nisiowajua. Mwaka ninaousimulia nikawa nafua kutwa kazini, kisha narudi nyumbani kufua mashuka ya baba.

Baba alikuwa mgonjwa wa kongosho. Kama hujui kongosho ni nini usione haya, hata mimi sikujua kwamba ninalo mpaka la baba lilipoharibika. Ni kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, na kazi yake ni kumwaga maji ya kusagia chakula ili mwili upate chake. La baba liliziba kwa vijiwe. Chakula kikawa kinaingia juu na kutokea chini kama mgeni mwenye haraka, hajaketi, hajasalimia mtu. Alikula na akazidi kukonda. Choo chake kilivyokuwa sitaeleza, kuna watu husoma huku wanakula.

Daktari wa upasuaji, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, alimlaza wiki tatu, kisha akatuita mimi na dada yangu.

"Nataka kumfungua nivitoe hivyo vijiwe," alisema. "Lakini ana kilo arobaini na sita, na mwili huu hautavumilia kisu. Mleteni akiwa na arobaini na nane. Na msichelewe. Mwaka ukiisha hatakuwa na kongosho la kuokoa."

Kilo mbili. Tulipokuwa tukishuka ngazi dada alicheka, akasema kilo mbili ni kazi ya siku kumi kwa mtu anayejua kupika. Mimi pia nilicheka.

Tulipewa dawa ya kumsaidia kusaga chakula: kapsuli kubwa za rangi ya chungwa, mbili kwa kila mlo, ndani yake chembe ndogondogo kama mtama. Juu ya boksi paliandikwa "vimeng'enya vya kongosho". Maneno hayo niliyasoma kila mwezi nilipokwenda dirishani kuchukua boksi jipya, nami nakiri hilo mapema. Baba hakuweza kumeza kapsuli, koo lake lilikuwa limezikataa. Nesi aliyekuwa anamalizia zamu akatuambia bila kuinua kichwa, "Zifungueni, mmwagie kwenye chakula." Basi. Hakusema chakula cha namna gani, nasi hatukuuliza.

Sasa lazima nieleze kwetu tukoje. Baba alichochea boila la kiwanda kwa miaka thelathini na mbili, na boila likamfundisha kwamba kitu kisicho moto ni kitu kibovu. Chai aliinywa ingali inafuka. Sahani isiyotoa mvuke aliisukuma kwa kidole kimoja na kuuliza, "Huyu kafa saa ngapi?" Mama, Mungu amrehemu, alikula chakula chake kimepoa maisha yake yote kwa sababu ya kukimbizana na cha baba. Alipofariki, dada alirithi sufuria zake pamoja na hofu yake.

Dada amenipita miaka tisa. Alikuja na mfuko mmoja wa nguo kukaa wiki mbili, na mwezi wa tano ukamkuta bado yupo. Shemeji alipiga simu kila Jumapili kuuliza mkewe atarudi lini, kwa sauti ya mtu aliyechoka kula mayai. Dada akamjibu kila mara, "Baba akifika arobaini na nane." Mimi sina mke, nilikuwa naye, akachoka mapema kuliko mimi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu watatu, na jiko lilikuwa la dada peke yake. Mwiko wa baba hakumwachia mtu.

Alipika uji alfajiri, mchana na jioni, wa maziwa, siagi na karanga zilizosagwa, na ulipoanza kutokota alifungua kapsuli akamwaga chembe ndani. Mwanzoni chembe zilibaki nzima, baba akalalamika kwamba anapewa mchanga. Dada akaona kwamba dawa haijaiva. Akawa anaichemsha pamoja na uji robo saa nzima, anakoroga bila kupumzika, mpaka chembe zote zipotee. "Dawa mbichi ilikuwa inamsumbua tumbo," aliniambia kwa fahari. "Ikiiva haisikii kabisa." Nikamsifu. Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Kwetu hata mpishi hakuulizwa.

Kila Jumamosi tulimpandisha baba kwenye mizani, mimi nimemshika mkono huu na dada ule, kisha tunamwachia kwa pamoja na kuinama kusoma. Arobaini na tano na nusu. Arobaini na tano. Dada aliziandika namba kwenye kalenda ya jikoni kwa penseli, nadhani ili ziweze kufutika. Akaongeza siagi. Arobaini na nne. Akaongeza mlo wa nne, ambao ulimlazimu kuamka kabla ya jogoo. Tukarudi kliniki. Daktari akamtazama baba, kisha akatutazama sisi kwa jicho ambalo sikulipenda.

"Anatumia dawa?"

"Namkorogea mwenyewe, kwa mkono huu," dada alisema.

Daktari akaandika: ongeza, nne kwa kila mlo. Dada akachemsha nne.

Arobaini na mbili na nusu. Kwa urefu wa baba, hizo ni kilo za mifupa na hasira tu. Dada naye alipungua, macho yakaingia ndani, akawa anasinzia amesimama, mwiko mkononi, uji unazunguka wenyewe. Siku moja niliona amelala ameegemea ukuta wa jikoni, nikamwacha kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeegemea ukuta wa pili. Kuna uchovu wa kazi, huo unatoka ukilala. Na kuna uchovu wa kufanya kila kitu sawasawa na kuona mtu wako anayeyuka. Huo haujui kitanda.

Katika wiki hiyo hiyo ya arobaini na mbili na nusu, kazini tuliletewa mfanyakazi mpya, mama wa makamo aliyehamishwa kutoka jikoni kwa wagonjwa. Wenzake wakamwita Mama Jiko kabla hajavua viatu. Asubuhi yake ya pili alipewa mashuka ya chumba cha upasuaji. Akaona yana damu nyingi, akaona na foleni ya mikokoteni, akazungusha kitufe cha mashine mpaka digrii sabini ili kazi iende. Yalipotoka, kila shuka lilikuwa na ramani ya kahawia ambayo haitatoka mpaka kiyama.

Sikumkaripia kwa sauti. Sauti nayo inataka nguvu. Nilimvuta kando, nikamwonyesha mfuko wa sabuni.

"Mama, hii sabuni ina vimeng'enya. Ndivyo vinavyokula damu, povu ni mapambo tu. Maji yakiwa baridi vinasinzia. Ukiyapasha vinachangamka, kila digrii inaviongezea mwendo, mpaka arobaini hivi. Hapo vinafanya kazi kama vimetumwa. Ukizidi kupandisha vinaharibika. Ukifika sabini vimekufa, na damu umeipikia ndani ya kitambaa. Anza na arobaini, subiri dakika arobaini, ndiyo upandishe kuua vijidudu."

"Je, nikiyapoza yale maji? Havifufuki?"

"Wewe umetoka jikoni. Yai ulilochemsha, ukiliweka kwenye maji baridi linarudi kuwa bichi?"

Alicheka. Kisha akauchukua mfuko, akausogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu waliosahau miwani, akasoma polepole, kipande kwa kipande: "Vi-me-ng'e-nya." Akaurudisha mezani. "Kwa hiyo ukichemsha, unafua bure."

Nilikaa juu ya rundo la mashuka machafu, jambo ambalo ninawakataza wengine. Kinyozi hajinyoi. Miaka kumi na tisa nimemkataza kila anayepita mlango ule kuchemsha kimeng'enya, halafu nyumbani nasimama mlangoni pa jikoni nasifu harufu. Mama Jiko aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimechoka, ambayo ni kweli ya kila siku na haihitaji maelezo.

Saa ya mapumziko nilikwenda dirisha la dawa. Mfamasia alikuwa mwanamke mpole mwenye kalamu sikioni.

"Zile chembe za kongosho," nilisema. "Zikitiwa kwenye uji wa moto?"

"Moto kiasi gani?"

"Unaochemka. Robo saa."

Aliitoa kalamu sikioni, akaiweka chini. "Basi amekuwa anakunywa uji mtupu," alisema. Akanieleza taratibu, kama nilivyomweleza Mama Jiko. Vimeng'enya hivyo vimeumbwa kwa joto la mwili, nyuzi thelathini na saba. Kwenye uji unaochemka ganda la chembe linayeyuka na kilichomo kinakufa. Ziwekwe kwenye vijiko viwili vya mtindi baridi, azimeze papo hapo bila kutafuna, kisha ale chakula chake.

"Imekuwa muda gani?"

"Miezi mitano."

"Nani anayempikia?"

"Dada yangu."

"Pole," alisema, na sikujua pole hiyo ni ya baba, ya dada au yangu.

Nilipofika nyumbani dada alikuwa uani anaanua nguo. Baba alikuwa ameketi kitandani, amekumbatia mto tumboni kama alivyozoea maumivu yalipombana. Nikakaa pembeni mwa kitanda nikamwambia yote. Alielewa upesi kuliko mimi, maana joto ndilo lililomlisha.

"Imeungua," alisema.

"Imeungua, baba."

"Kwa sababu mimi nataka vya moto."

"Kwa sababu hatukuuliza."

Uani tulisikia vibanio vya nguo vikianguka kwenye ndoo, kimoja kimoja.

"Yeye anajua?"

"Bado. Nakwenda kumwambia."

"Usimwambie."

"Baba, yeye ndiye anayepika. Asipojua, jioni atachemsha tena."

"Sikusema asikatazwe kuchemsha. Nimesema asijue kwamba ni yeye." Aliukaza mto. "Yule mtoto hajalala miezi mitano. Umeona mikono yake? Sasa umwambie kwamba mikono hiyo hiyo ndiyo..."

"Sasa nimwambie nini?"

Akageukia ukutani. Nilidhani ndiyo mwisho wa msaada wake, maana baba hakuwa mtu wa kumtafutia mwenzake maneno.

Dada aliingia jikoni, akawasha jiko, akabandika sufuria. Nilimfuata. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, na sasa yalikuwa yamenikwama kooni kama kapsuli.

"Dada, nimezungumza na mfamasia. Ile dawa haimsaidii baba, na ipo sababu."

Mwiko ulisimama. "Sababu gani?"

Uso wake sitausahau. Haukuwa uso wa mtu anayeuliza. Ulikuwa uso wa mtu aliyepiga mahesabu peke yake, usiku mwingi, na anaomba jibu lisiwe lile alilolipata.

"Kwa sababu naitema."

Tuligeuka. Baba alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili. Wiki mbili alikuwa hajatembea bila kushikwa. "Ukigeuka tu, natema," alisema. "Siipendi ladha yake. Ndiyo hiyo sababu."

Dada alimtazama. Alimtazama muda mrefu mpaka nikasikia uji ukianza kushika chini. Halafu akalipuka. Alimuuliza kama anajua ameacha nyumba yake kwa ajili ya nani. Alimuuliza kama anajua ni alfajiri ngapi. Alimwita mtoto, alimwita mkaidi, akamwambia mama alikufa amechoka na yeye hatakufa hivyo. Katika maisha yangu sikuwahi kumwona akimwinulia baba sauti. Katika maisha yangu sikumwona mtu yeyote akifanya hivyo na kubaki chumba kimoja naye. Baba aliinamisha kichwa, akaipokea yote.

"Nisamehe, mwanangu," alisema dada alipoishiwa pumzi.

Neno hilo hata mama hakuwahi kuambiwa. Nilimshika baba kabla hajaanguka, na nikiwa nimempa dada mgongo nikasema haraka haraka, "Mfamasia anasema apewe kwa kijiko, mbele ya macho yetu, kwenye mtindi baridi, isichemshwe, halafu ndiyo ale." Nililipenyeza neno "isichemshwe" katikati ya mengine, kimyakimya. Dada hakuuliza kitu. Aliepua sufuria, akaikwangua.

Kuanzia siku hiyo baba alikula dawa kama mfungwa. Dada alisimama mbele yake, mkono mmoja kiunoni. "Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi." Baba, aliyechukia hata maji ya kunawa yakiwa baridi, alimeza mtindi uliotoka kwenye friji, akafungua mdomo, akainua ulimi. Hakuuliza huyu kafa saa ngapi. Choo chake kikaacha kuelea kwa mafuta yasiyosagwa ndani ya siku nne, na mashuka ya kufua yakapungua. Mizani ikasimama. Kisha ikageuka: arobaini na tatu, arobaini na tatu na nusu, arobaini na nne na robo. Mimi nilikuwa kati ya hao wawili, na hasira yangu sina pa kuitua. Nilimkasirikia nesi, nikamkasirikia mwandishi wa boksi, halafu nikabaki na mtu mmoja tu wa kumkasirikia, ambaye ndiye aliyekuwa analibeba boksi. Mwenye kustahili kugombezwa pale nyumbani alikuwa mimi, na kila siku aligombezwa mzee wangu.

Wiki ya kumi na moja mizani ilisema arobaini na nane na robo. Dada hakucheka. Alimpigia daktari.

Walimwingiza chumba cha upasuaji saa tatu asubuhi. Tulikaa kwenye benchi la mbao ukumbini, dada na mimi, kila mmoja amechoka kwa namna yake. Wahudumu walipita wakisukuma mkokoteni wa mashuka yangu. Ilipofika saa sita dada alisema, macho yakiwa sakafuni:

"Zile chembe nilikuwa nazichemsha mpaka zinayeyuka. Haibaki hata moja. Mtu anatemaje dawa iliyoyeyuka kwenye uji, halafu uji anaumeza?"

Nikaanza kutunga kitu.

"Usihangaike," alisema.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu uliposema isichemshwe. Hata kabla, nilikuwa nahisi. Nilikuwa naogopa kuuliza."

"Sasa mbona ulimgombeza vile?"

"Alisimama pale kwa miguu ile. Amekuja kunitua mzigo. Ningemwambia aurudishe? Kila nikimwambia inua ulimi, ananitazama kuona kama nimeamini. Nami naongeza ukali ili aamini kwamba nimeamini."

"Ni mimi, dada. Vimeng'enya ndiyo kazi yangu. Najua joto lao kwa moyo."

"Wewe hukushika mwiko."

Nilitaka kubishana, ila nguvu sikuwa nazo, na yeye hakuwa nazo za kunisikiliza. Tulikaa mabega yakigusana mpaka mlango ukafunguliwa. Daktari mrefu alitoka, barakoa imeshuka kidevuni.

"Vijiwe tumevitoa vyote," alisema. "Kongosho lililobaki linatosha kuishi nalo. Atazinduka baada ya muda." Dada alishika benchi kwa mikono miwili. Daktari akafungua faili. "Dawa ya kusaga chakula ataendelea nayo maisha. Nataka mtu mmoja wa kusimamia mlo na dawa, mmoja tu, tumfundishe hapa wodini kabla hajatoka. Ni nani?"

Dada, ambaye kwa miezi minane hakumwachia mtu yeyote mwiko, aliingiza mikono yake yote miwili ndani ya mtandio, akanitazama mimi.

"Ni huyu," nilimwambia daktari, nikimgusa dada bega.

Dada akatikisa kichwa kukataa.

"Ni huyu," nikarudia, na daktari akaandika.